Hodi ya Saa Mbili

Fundi alikuwa akibisha hodi mara tatu hata mlango ukiwa wazi na mwenyeji amesimama hapo hapo akimtazama. Hodi, ananyamaza kidogo. Hodi, ananyamaza tena. Ya tatu ikikosa jibu anageuka na kwenda zake, na usihangaike kumwita, harudi. Alisema ndivyo walivyofunzwa chuoni kwao Mumias wakiwa watoto, kwamba mgeni ana haki ya hodi tatu, basi. Nilimfuata kwa miaka kumi na mmoja, kwanza kama mwanafunzi, halafu kama msaidizi, halafu, hivyo nilivyodhani, kama mtoto wake. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye kazi ya laini, na yeye ndiye aliyenitoa. Naandika habari zake nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Zahanati zilizo chini ya ofisi yetu haziweki rekodi za wagonjwa kwao. Sista hukaa mbele ya kompyuta, kioo cheusi chenye maandishi meupe, na kile anachoandika kinasafiri kwa laini hadi kwenye seva iliyoko mjini Kakamega. Njiani kuna rauta, kisanduku kisicho na huruma. Laini ikikaa kimya dakika kumi, rauta inaamua kwamba hakuna anayeongea, inaikata. Sista akienda kumpima mtoto uzito, au kumtuliza mama aliyepewa habari mbaya, akirudi anakuta kioo kimeganda, na kile alichokuwa hajamaliza kuandika kimekwenda na maji.

"Mashine haijuangi mtu amenyamaza na mtu amekufa," Fundi aliniambia siku yangu ya kwanza kazini. "Hiyo ndiyo shida yote, binti yangu. Hakuna ingine."

Dawa ni kuifundisha kompyuta kubisha hodi. Ukimya ukizidi dakika kadhaa, inatuma neno dogo lisilo na habari yoyote, seva inaitikia, na rauta ikiwasikia inajua nyumba ina watu. Mafundi wengine waliita jambo hili kwa jina lake la vitabuni, refu na la Kiingereza. Sisi wawili tuliliita hodi. Lilikuwa neno letu. Nilijivunia kulijua, jinsi mtoto anavyojivunia jina la utani alilopewa na babu yake, na wala sikuwahi kumfundisha mtu mwingine. Upumbavu huo ni wangu, simsingizii.

Kupanga saa za hodi kulikuwa ufundi wake hasa. Kuna muda wa kungoja kabla ya kubisha hodi ya kwanza, kuna nafasi kati ya hodi na hodi, na kuna idadi ya hodi kabla ya kukata tamaa. Mtu asiyejua anadhani hodi nyingi ndizo salama. Wakati mmoja aliletwa kijana mtaalamu kutoka Nairobi, viatu vinang'aa, akaweka hodi kila sekunde kumi, mbili zikikosa jibu laini ikatwe. Asubuhi kila kitu kilikwenda vizuri na kijana akapigiwa makofi. Saa nane mchana mvua ya Kakamega ikaja kama kawaida yake, radi juu ya radi, laini zikawa zinapotea nusu dakika na kurudi. Kila zilipopotea nusu dakika, kompyuta zilibisha mara mbili, hazikujibiwa, zikajikata zenyewe. Zahanati zote zilianguka kwa mkupuo.

Fundi hakumcheka kijana. Alimwambia, "Hodi nyingi ni kero, hodi chache ni uzembe. Wewe ulibisha mlango ya mtu ako chooni, ukasema amekufa." Kisha akaketi akapanga upya: dakika nne za ukimya ndipo hodi ya kwanza, nusu dakika kati ya moja na nyingine, na hodi nane kabla ya kukata tamaa. "Sheria ya hodi tatu ni ya wageni," alisema. "Mvua si mgeni, mvua ni ya hapa hapa."

Alikuwa na leso nyeupe ambayo hakuwahi kujifutia jasho. Ilikuwa ya mashine. Akifika mahali, kabla hajauliza tatizo ni nini, anapangusa kioo, anapangusa baobonye, anapangusa hata nyaya, taratibu, huku akimsikiliza sista akilalamika. Sista alikuwa akimaliza malalamiko yake wakati leso inakunjwa. Baadaye niligundua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuwaacha watu wamalize hasira. Nimejaribu kuiga, lakini mimi hasira za watu huniambukiza.

Ili kupima laini, alikaa mbele ya kioo na saa yake ya mkononi, kimya, dakika kumi na tano nzima, bila kugusa kitu. Hakutaka kusemeshwa. Wagonjwa kwenye benchi walidhani anaiombea mashine. Huko Malinya mzee mmoja mwenye fahali wa kupigana alimngoja hadi amalize, akamwambia kwa heshima zote, "Shehe, Jumamosi fahali yangu anaingia uwanjani. Si uje umuombee pia kidogo tu?" Fundi alifikiri kweli kweli. Akamuuliza fahali huyo hukaa kimya kwa muda gani kabla ya kuanza kupigana. Mzee akasema hanyamazi kabisa, analia usiku kucha. "Huyo hahitaji mimi," Fundi alisema, "huyo hajawahi kukatika." Nilicheka hadi nikashindwa kuendesha pikipiki.

Hakula nyama iliyochinjwa na mtu asiye Mwislamu, na mamangu alilijua hilo tangu alipokuja kwetu mara ya kwanza. Kila alipotutembelea, mama alimkabidhi ingokho, kuku mzima, na kisu, wanakwenda naye nyuma ya jikoni, Fundi anachinja kwa bismillahi yake, mama anachukua anapika, na sote tunakula pamoja na obusuma, ugali wa kwetu. Mama alikuwa akisema, "Huyu mtu wako ni mgeni mzuri, anafanya kazi kabla ya kukula." Mama alipofariki, Fundi alifika mazishini kabla ya baadhi ya wajomba zangu. Alisimama nje ya hema la kanisa, kofia mkononi, wimbo baada ya wimbo, mpaka mwisho. Hilo nalikumbuka, na ndilo linalonifanya nishindwe kumchukia kwa ukamilifu ninaoutaka.

Ndiye pia aliyenipigania niajiriwe. Ofisi ilitaka mwanamume, kwa sababu ya kupanda nguzo na kupanda pikipiki. Fundi aliwaambia nguzo tunapanda mara mbili kwa mwaka lakini tunasikiliza kila siku, "na huyu binti ana masikio." Nikapewa upande wote wa kusini kuuangalia. Kwenye karatasi mimi ndiye niliyekuwa afisa wa laini wa zahanati zile. Kuweka mashine mpya ilibaki kazi yake mwenyewe, hakumwamini mtu.

Na bado, hakujua kusema samahani. Kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Akikosea, kosa lilikuwa la mvua, la umeme, la kiwanda, la shetani akibanwa sana. Alikuwa mkweli kuhusu mashine kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na kuhusu nafsi yake alikuwa mwongo wa upole. Mimi niliona hilo mapema. Nililiita heshima ya uzee, nikapita.

Kila mashine ilikuwa na daftari lake. Kurasa nyingine tuliziandika kwa Kiingereza kwa ajili ya wakubwa, lakini ukurasa wa kwanza wa daftari aliuandika yeye kwa Kiswahili chake kifupi, kwa mwandiko ulioinama kushoto, na mimi nikatia sahihi chini kama shahidi. *Hodi: dakika nne.* Daftari baada ya daftari, hivyo hivyo. Kwenye zahanati moja ya upande wa Malinya ililetwa kompyuta mpya. Siku hiyo tulikuwa na haraka, wingu lilikuwa limeshafunga. Fundi aliiweka, akaiwasha, ikafanya kazi. Hakupanga saa za hodi. Aliiacha ilivyotoka kiwandani, na mashine za kiwandani hungoja saa mbili nzima za ukimya ndipo zibishe hodi ya kwanza. Kwa rauta inayokata baada ya dakika kumi, hiyo ni sawa na kubisha mlango wa nyumba iliyokwisha kubomolewa. Akaandika daftarini kama ilivyokuwa: *Hodi: saa mbili.* Aliniambia, "Nitarudi wiki ijayo niipange." Nikatia sahihi. Wiki ijayo kulikuwa na kazi nyingine, na nyingine baada ya hiyo. Mimi pia sikumkumbusha.

Sista wa zahanati hiyo alikuwa mwanamke mwangalifu. Siku moja bibi mmoja wa pale kijijini alidungwa sindano ya dawa, akavimba uso na kuanza kukoroma, wakamwokoa. Sista akaketi kuandika kwenye rekodi yake kwamba dawa hiyo asipewe tena maishani. Kabla hajabonyeza pa kuhifadhi akaitwa kuzalisha. Aliporudi, kioo kilikuwa kimeganda, akakizima na kukiwasha, akaamini maandishi yake yamo. Hayakuwamo. Baada ya mwezi mmoja, sista akiwa likizo, bibi alikuja na kidonda, akapokewa na mhudumu mwingine. Akasoma rekodi, hakuona katazo, akamdunga dawa ile ile. Bibi alikaa hospitalini wiki tatu, na wiki ya kwanza watoto wake walikuwa wameshaanza kuitana kutoka mbali. Alipona. Kila nikikumbuka habari hii naanza na neno hilo, alipona.

Ofisi iliunda kamati. Kamati ilikaa Ijumaa, na daftari la mashine likaletwa mezani.

"Hapa imeandikwa 'Hodi, saa mbili'," mwenyekiti alisema. "Hii ni lugha gani ya kompyuta? Nani anaweza kunieleza?"

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini mbele ya mkubwa wangu wa kazi haikuwa zamu yangu. Nikamwachia Fundi. Alisimama, akaitoa leso, akaikunjua na kuikunja.

"Mheshimiwa, hiyo ni utaratibu yetu," alisema. "Saa mbili asubuhi, kila siku, afisa wa laini wa eneo anabisha hodi kwa mashine. Anaangalianga kama iko hai. Ndio maana afisa ameweka sahihi hapo chini."

Sikuelewa mara moja. Nakumbuka nilitabasamu kidogo, nikidhani ni utangulizi, kwamba anawaeleza kwa mfano kwanza kisha atafika kwenye ukweli. Akaketi.

"Madam," mwenyekiti akanigeukia, "ulikuwa ukibisha hiyo hodi saa mbili asubuhi?"

"Hapana, lakini..."

"Hata siku moja?"

"Mheshimiwa, saa mbili hapo si saa mbili ya asubuhi. Ni muda. Ni urefu wa muda ambao mashine..."

"Saa mbili ni saa mbili, madam. Mimi nimefika hapa leo saa mbili."

Watu walicheka. Nikamtazama Fundi. Ukumbi mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyelijua neno letu, na mtu huyo alikuwa akitazama leso. Nilisema, "Mwalimu, waambie." Nilisema mara moja, kwa sauti. Hakuinua kichwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alikuwa akipenda kuniambia huku akiigonga rauta kwa kidole, lakini siku hiyo kimya chake hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa kimya tu cha mtu anayengoja mvua impite ikanyeshe kwa jirani.

Nilidhani basi mashine itasema. Jumatatu nilipanda pikipiki hadi zahanati ile, nikafungua mipangilio. *Dakika nne. Nusu dakika. Hodi nane.* Mashine ilikuwa nzima kuliko mimi.

"Lakini si Fundi arikuja?" sista aliniambia, akishangaa kwamba sijui. "Jumanne, kabra ya hiyo kamati yenu. Nikamuuriza kuna shida? Akasema hapana sista, napangusa tu vumbi. Akakaa hapo na saa yake, unajua vire anakaanga."

Kwa hiyo hakuropoka mbele ya kamati kwa hofu ya ghafla. Hilo ningeweza kulisamehe, hofu humkuta kila mtu. Alikuwa na siku tatu za kufikiri. Alirekebisha kosa lake kwanza, vizuri kabisa kama kawaida yake, kisha akaja kunikabidhi lawama zake. Na alitumia neno alilonipa yeye mwenyewe, akijua hakuna mwingine mle ukumbini anayelielewa. Nilimwambia sista aandike alichoniambia. Akatazama chini, akasema ana watoto shuleni. Sikumlazimisha.

Nilipewa barua ya onyo, imeandikwa kwamba uzembe wangu ulikaribia kuua mtu, nikaondolewa kwenye laini. Nikapelekwa masijala, chumba cha mafaili nyuma ya jengo. Fundi aliendelea hadi akastaafu kwa sherehe, keki, na hotuba. Nilialikwa. Nilikaa masijala nikipanga mafaili, nikisikia makofi ukutani.

Mwaka huu alikuja mkubwa mpya, mwanamke asiyependa maneno mengi. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Niletee taarifa ya maandishi kutoka kwa huyo aliyeweka mashine. Aweke sahihi. Hiyo barua nitaiondoa siku hiyo hiyo, na wewe utarudi kwa laini."

Nikaiandika taarifa mwenyewe, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, nikimwonea huruma katika kila sentensi. Sikuandika kwamba alidanganya. Niliandika kwamba mashine iliachwa bila kupangwa, na kwamba palitokea kutoelewana. Nikaenda Mumias.

Alikuwa kibarazani anasoma. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe, lakini aliponiona uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli, na furaha hiyo ilinikata maini.

"Asalaam aleikum, binti yangu! Karibu, karibu. Wewe umepoteanga hivi?"

"Mimi niko pale pale mliponiacha, Mzee," nilisema.

Mkewe alileta chai ya tangawizi na mihogo, akaniuliza habari za watoto, akatuacha. Nikampa karatasi. Nikamweleza imetoka wapi na inangojwa na nani, na kwamba hakuna atakayemfuata huku kumwuliza chochote, kazi amekwisha kuimaliza. Ni mimi tu ninayehitaji jina langu.

Aliisoma polepole. Akaisoma tena. Kisha akasema, "Una kalamu?"

Nikampa kalamu. Aliiweka karatasi juu ya kitabu chake, akainama. Akaanza kusahihisha.

Nilipoandika kwamba laini ilikatwa na seva, alifuta *seva* akaandika juu yake *rauta*. "Seva haikatangi. Nilikufundisha." Nilipoandika kwamba sista alipoteza rekodi, aliandika *maandishi ambayo hayakuwa yamehifadhiwa*. Palipoandikwa *Hodi iliachwa saa mbili* alisimamisha kalamu kwa muda mrefu. Kuku walipita. Kisha akafuta *saa mbili*, na juu yake, kwa mwandiko ule ule ulioinama kushoto, akaandika: *sekunde 7,200 za ukimya, kama ilivyotoka kiwandani*.

"Hapo mtu hawezi kuchanganyikiwa," alisema.

Akanirudishia karatasi na kalamu.

"Na sahihi, Mzee?"

Alitazama uani, wajukuu wake wawili walikuwa wakimfukuza mbuzi.

"Ukweli nimekupa," alisema. "Jina niachie."

"Na langu?"

"Wewe bado uko na siku, binti yangu. Mimi hiyo jina ndio nitazikwa nayo."

Niliondoka bila kumaliza chai. Mkubwa mpya alitazama karatasi pande zote mbili, akalileta daftari la zamani, akaviweka pamoja. "Mwandiko ni wake, naona," alisema. "Lakini hii ni karatasi tu. Sahihi iko wapi?" Akaniambia niiweke kwenye faili langu hata hivyo, huenda siku moja ikafaa. Kuweka mafaili ndiyo kazi yangu, kwa hiyo niliiweka mimi mwenyewe, nikaibana nyuma ya barua ya onyo. Kabla ya kulirudisha faili kwenye rafu niliisoma tena, neno kwa neno, nikitafuta mahali alipokosea. Sikupata. Masahihisho yake yote ni sahihi, sahihi yake ndiyo haimo.